Habari za Mfalme Moshoeshoe

Moshoeshoe alizaliwa yapata mwaka 1786 katika nchi iitwayo leo Lesotho. Katika miaka ya 1820 nchi zile zilichafuka kwa vita na njaa. Koo zilitawanyika, ng'ombe walitekwa, na wengine walifikia kula watu.

Mwaka 1824 aliwahamishia watu wake Thaba Bosiu, mlima wenye majabali pande zote na chemchemi juu yake. Wasotho husimulia kwamba njiani babu yake, mzee Peete, alikamatwa na wala watu akaliwa. Wakosaji walipopatikana, watu walitaka wauawe. Moshoeshoe alikataa, kwa kuwa matumbo yao ndiyo yaliyokuwa kaburi la babu yake, wala kaburi la mzee halivunjwi. Akawatakasa, akawaacha wakae.

Lakini mlima peke yake haukutosha kuwa ngome. Aliyefika mikono mitupu alikopeshwa ng'ombe wa mfalme, maziwa yakawa yake. Desturi hiyo huitwa mafisa, nasi wa vyama vya ustawi yafaa tuitazame vema, maana mkimbizi mwenye maziwa ya wanawe hana haja ya kuiba. Mambo makubwa yaliamuliwa barazani, katika pitso, ambako mtu yeyote aliweza kumlaumu mfalme usoni pake.

Mwaka 1831 jeshi la Mzilikazi lilishindwa kuupanda mlima. Lilipoondoka, Moshoeshoe alilipelekea ng'ombe wa chakula cha njiani. Halikurudi tena. Makaburu ndio waliomnyang'anya mashamba mengi ya magharibi, hata mwaka 1868 akakubaliwa ulinzi wa Uingereza. Alifariki tarehe 11 Machi, 1870, akazikwa juu ya Thaba Bosiu.