Harry Hess, kapiteni aliyesoma milima ya chini ya bahari

Wasomaji wetu wa Katanga wanajua vizuri aina ya kijana tunayetaka kuwasimulia leo: amemaliza masomo, hana jina bado, anatumwa porini kutafuta madini. Mwaka 1927 Harry Hammond Hess alikuwa hivyo. Alizaliwa New York tarehe 24 Mei 1906, akasoma jiolojia kwenye iniversite ya Yale, ambako inasemekana alianguka mtihani wa minerali mara ya kwanza. Kiisha masomo, akafanya karibu miaka 2 katika Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, hapa tu ngambo ya mpaka. Lakini si udongo wa pale uliompa sifa. Sifa yake ilitoka mahali ambapo hakuna mtu anaweza kutembea kwa miguu.

Aliporudi kwao akapata udaktari Princeton mwaka 1932, na kuanzia 1934 akafundisha palepale mpaka kufa. Miaka ile aliingia katika meli ya vita yenye kwenda chini ya maji, kusudi apime nguvu ya uvutano wa dunia karibu na visiwa vya Karibe. Ili kazi ile iende vizuri akakubali kuwa afisa wa akiba wa jeshi la majini. Njo maana, vita ilipofika Marekani mwezi wa 12 mwaka 1941, profesere wetu alikuwa tayari na nguo ya kijeshi nyumbani.

Mwisho akapewa meli yenyewe, Cape Johnson, ya kubeba waaskari katika Pasifiki. Aliwapeleka kwenye visiwa vya Mariana, kwenye Ufilipino, hata Iwo Jima. Ndani ya meli kulikuwa chombo cha kupima kina: kinatuma sauti chini, sauti inagonga sakafu ya bahari, inarudi. Katika maji sauti inakwenda karibu mita 1,500 kwa sekunde moja. Ukijua muda, unajua kina. Chombo kile kilikuwa cha kuongoza meli tu. Hess akakiacha kiwake usiku na mchana, hata kwenye maji marefu ambako hakuna hatari ya kugonga kitu. Meli ikienda vitani, kalamu ya kile chombo inachora njia nzima.

Na ile kalamu ikachora kitu cha ajabu. Kutoka sakafu yenye kina cha mita 4,000 au 5,000, mlima unapanda kwa ukali, kiisha kilele kinakatika bapa sawa na meza. Wala si mmoja. Akiunganisha vipimo vyake na ramani za jeshi, akahesabu karibu 160 kati ya Hawaii na Mariana. Akaiita guyot, kwa heshima ya Arnold Guyot, Mswisi aliyefundisha jiolojia Princeton zamani. (Jina hili sisi wa Kifaransa tunalitamka bila shida, wenzetu wa Kiingereza wanahangaika nalo.)

Sasa, nani anaweza kukata kichwa cha mlima chini ya bahari? Hess alijibu vema: ni mawimbi. Ile milima ilikuwa volkano zenye kutokea juu ya maji, visiwa kabisa, na mawimbi yakazikwangua mpaka zikawa bapa. Lakini leo vile vichwa viko chini ya maji kwa mita 1,000 hata 2,000, na wimbi halifiki huko. Basi kisiwa kilizamaje?

Hapo njo alikosea. Mwaka 1946 aliandika kwamba visiwa vile ni vya zamani sana, kabla ya wanyama wenye kujenga matumbawe kuwako duniani, ndiyo maana havikujengewa matumbawe juu. Tangu ile wakati, alisema, udongo umejaa polepole kwenye sakafu ya bahari, na maji yamepanda, sawa na beseni la maji ukitia mchanga ndani. Ilikuwa hesabu nzuri. Mwaka 1950 wanasayansi wa California wakaenda kukwangua juu ya ile milima, wakaleta mabaki ya viumbe vya maji mafupi, na matumbawe ndani yake. Umri wake karibu miaka milioni 100 tu. Kwa mtu aliyetaja zaidi ya milioni 500, pigo lile lilikuwa zito.

Wengi wetu tungetafuta namna ya kujitetea. Hess aliacha ile mawazo, akaanza upya. Aliona pia kwamba udongo juu ya sakafu ya bahari ni mwembamba mno kwa bahari inayodhaniwa kuwa ya zamani sawa na dunia. Na katikati ya bahari kuko safu ndefu ya milima, yenye ufa katikati, na joto jingi linatoka pale. Katika maandishi yaliyosambaa tangu 1960 na kuchapwa 1962, alisema sakafu yenyewe ni changa: inazaliwa kwenye ule ufa, inasogea pande mbili, inashuka kadiri inavyopoa, na mwisho inarudi ndani ya dunia kwenye mashimo marefu ya kandokando. Guyot ni abiria tu. Ilizaliwa juu, imebebwa mbali, imezama pamoja na sakafu yake. Hata mabara yanabebwa hivyo, jambo ambalo Wegener, aliyekufa 1930, hakuweza kueleza nguvu yake.

Mwenzake Robert Dietz alichapa mawazo kama yale mwaka 1961, akayapa jina, lakini akakubali kwamba Hess alitangulia. Mwaka 1963 Vine na Matthews wa Cambridge wakaonyesha namna ya kuyahakikisha kwa sumaku ya mawe ya baharini. Leo tunajua sakafu ya zamani kabisa ya Pasifiki haifiki miaka milioni 200. Na karibu na Tonga kuko guyot moja, Capricorn, yenye kuinama ukingoni mwa shimo, kichwa chake bapa kimelala upande, inangoja kumezwa.

Hess alikufa kwa moyo tarehe 25 Agosti 1969, Woods Hole, akiwa katika mkutano alioongoza juu ya sayansi ya anga. Mwezi mmoja mbele yake mawe ya kwanza ya mwezini yalikuwa yamefika Marekani. Walimzika Arlington, pamoja na waaskari.