Kabla hujatuma pesa ya mawe, mjue Ernst May

Tuseme mambo yamekubali. Umelelewa Umoja, Kayole au Buruburu, umehama keja baada ya keja tangu utoke kwenu, na sasa umepata ploti ya futi 50 kwa 100 huko Kamulu au Joska. Rafiki amekutumia ramani kwa simu. Vyumba vitatu vya kulala, sebule kubwa ya kumeza makochi yote ya Gikomba, na jiko limesukumwa nyuma kabisa, ubavuni mwa choo. Fundi anasema ramani hiyo ameijenga mara saba, haijamsumbua mtu. Umeshika simu, uko karibu kutuma pesa ya mawe.

Shika hapo kidogo. Kuna mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa ni swali hilo lililo mbele yako: nyumba ya familia moja, yenye nafasi ndogo na pesa kidogo, ipangwe vipi ndani? Aliishi hapa Nairobi kwa miaka mingi. Ukipita Kimathi Street, jengo la Kenwood House ni kazi yake, na pengine umelipita mara mia ukikimbilia matatu bila kuinua macho. Jina lake Ernst May.

Alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, tarehe 27 Julai 1886. Baba yake alikuwa na kiwanda cha ngozi, kwa hiyo usifikirie mtoto wa geto. Alisomea usanifu wa majengo, na akiwa bado kijana alikwenda Uingereza kufanya kazi kwa Raymond Unwin, mpangaji wa miji aliyeamini kwamba hata mfanyakazi wa kawaida anastahili bustani mlangoni pake. Wazo hilo lilimwingia May damuni na halikumtoka tena.

Mwaka 1925 mji wa Frankfurt ulimpa kazi ya kusimamia ujenzi wote wa jiji. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeacha shida kubwa ya makazi. Familia zilibanana chumba kimoja, unyevu kutani, choo cha kushiriki na majirani. Kama umewahi kuishi ploti yenye milango kumi na bomba moja, hiyo hali huhitaji kuelezewa. May na timu yake walisimamisha nyumba zaidi ya 12,000 kwa takriban miaka mitano. Ili kwenda kasi hivyo, walitengeneza vipande vya ukuta kiwandani na kuvipanga kwa kreni, na hata milango na vitasa vilikuwa vya aina moja.

Lakini mimi ninachotaka ukione ni kilichokuwa ndani ya nyumba zile.

May alimwajiri mwanamke kijana kutoka Austria, Margarete Lihotzky, msanifu wa majengo wakati ambapo wanawake katika kazi hiyo walihesabika kwa vidole. Lihotzky alikuwa amesoma kazi za Mmarekani Christine Frederick, aliyechora ramani za jiko na kufuatisha kwa mistari njia anazopita mpishi: kutoka meko kwenda sinki, sinki kwenda kabati, kabati kurudi meko. Katika jiko lililopangwa ovyo, mistari inakuwa kama uzi uliochezewa na paka. Lihotzky akashika saa, akapima muda wa kila kazi, kisha akachora jiko lake. Lilikuwa mita 1.9 kwa mita 3.4, yaani kama futi 6 kwa 11. Meko upande huu, sinki na meza upande ule chini ya dirisha, kiti kinachozunguka, ubao wa kupigia pasi unaokunjwa ukutani, na mlango wa kusukuma kando kuelekea sebuleni ili mama aone watoto akiendelea kupika. Unga uliwekwa kwenye droo za mti wa mwaloni kwa sababu wadudu hawaupendi. Kabati zilipakwa rangi ya buluu kwa imani kwamba nzi huikwepa. Hilo la nzi, sina hakika nzi wa Gikomba wamearifiwa.

Jiko hilo lilianza kutengenezwa mwaka 1926 na likawekwa katika nyumba kama 10,000. Makabati ya kisasa unayoyaona kwenye fleti za Kilimani, yale ya kuungana ukuta mzima, ni wajukuu zake.

Basi ichukue ile ramani ya simu, iprinti kwa shilingi kumi pale saiba, na utafute penseli. Chora njia yako ukiingia getini na mifuko ya sokoni hadi jikoni. Chora njia ya chakula kutoka jikoni hadi mezani. Chora njia ya mtoto anayetafuta choo saa nane usiku, na ya mgeni anayetafuta choo saa nane mchana: je, atapita mlango wa chumba chako cha kulala? Mtungi wa gesi utakaa wapi, na nguo zitatoka wapi kwenda kwenye kamba? Mistari ikipishana katikati ya sebule, umejenga stendi ya matatu.

Wapangaji wa Frankfurt, hata hivyo, walikuwa na malalamiko. Jiko lilimtosha mtu mmoja tu. Familia nyingi za wafanyakazi zilikuwa zimezoea kula jikoni, kwenye joto, na sasa meza haikuingia. Mama na binti yake hawakuweza kupika pamoja bila kugongana viwiko. Nyumba ilikuwa imehesabu hatua kwa uangalifu mkubwa, lakini za mtu mmoja ambaye wachoraji walimwazia wenyewe. Ukumbuke hilo, maana litarudi.

Oktoba 1929, wasanifu wa nchi nyingi walikusanyika Frankfurt, May akiwa mwenyeji, kujadili nyumba ndogo kabisa inayoweza kumweka binadamu kwa heshima. Siku hizo hizo soko la hisa la New York likaporomoka. Pesa za ujenzi zikakauka. Mwaka 1930 May akachukua kikundi cha wenzake wakaenda Urusi ya Kisovieti kupanga miji mipya ya viwanda, Magnitogorsk ukiwa mmoja. Haikwenda vizuri. Kufikia mwisho wa 1933 hakuwa na kazi kule, na kwao Hitler ameshika dola na watu wake walikuwa wakimchukia May waziwazi. Pa kurudi hapakuwepo.

Ndipo akaja huku. Mwaka 1934 alifika Tanganyika na mke wake na watoto wawili, akanunua shamba karibu na Arusha. Mtu aliyejengea jiji zima nyumba akawa mkulima. Miaka mitatu baadaye aliliacha shamba, akahamia Nairobi na kufungua ofisi ya usanifu. Vita ya Pili ilipoanza, Waingereza walimwona kama Mjerumani mwingine yeyote, wakamkamata na kumweka kizuizini Afrika Kusini hadi 1942.

Sasa tazama Nairobi aliyorudi kuijenga. Sisi wa Eastlands tunaijua kwa kuta zake. Serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika wa mjini kama kibarua wa muda: mke na watoto wabaki mashambani, mwanamume apewe kitanda. Kwa hiyo sehemu nyingi ramani ya nyumba yake ilikuwa chumba, na chumba kilipimwa kwa vitanda vinavyoingia. Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940 kwa nguvu za wafungwa wa vita wa Kiitaliano, ilikuwa afadhali: ilikusudiwa familia, na ina nyasi na miti na nyumba zilizopangwa kuzunguka uwanja, mawazo yale yale ya bustani ambayo May aliyachukua kwa Unwin. Lakini hakuichora yeye, na nyumba zenyewe ni ndogo. Familia zikaja, zikazaa, pazia likagawanya chumba mara mbili. Nenda Kaloleni au Jericho leo uhesabu vibanda vya mabati vilivyoota pembeni ya nyumba. Kila kibanda ni jibu kwa mtu aliyechora ramani bila kuuliza nani atalala wapi.

Je, May aliuliza? Hapa ndipo napata shida naye.

Mwaka 1945 alipewa kazi ya kupanga upanuzi wa Kampala, na ripoti ikatoka 1947. Alijua kusoma ardhi: barabara zake zilifuata miteremko ya Kololo na Naguru, na alijali upepo na jua. Lakini mpango wake uliwatenga watu kwa rangi, na Waafrika wakapangiwa Naguru. Miaka hiyo hiyo alibuni pia nyumba ya bei nafuu kwa Mwafrika: matao ya zege, na juu yake vipande vya zege vyenye ndoano vinaning'inizwa kama vigae. Kwa ufundi, ni kazi ya akili sana, kwani watu wachache wangeweza kuiinua bila mashine kubwa. Kwa umbo, ilipinda kutoka chini hadi juu kama kibanda cha msonge. Mwafrika, alidhani, angejisikia nyumbani.

Hebu jaribu kusukuma kabati kwenye ukuta uliopinda. Jaribu kutundika rafu ya vyombo, au kitanda cha ghorofa cha watoto. Kule Frankfurt timu yake ilihesabu hadi sekunde za kuosha kikombe. Hapa alitazama nyumba zetu kwa nje na kuchukua umbo. Karani wa reli aliyekuwa akiota meza ya mraba na redio juu yake hakuwemo kwenye hesabu.

Si kazi zake zote zilikuwa hivyo, na ni haki kusema. Moshi alijenga makao ya chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kichaga, KNCU, na safari hii mwenye pesa alikuwa Mwafrika mwenyewe akijua anachotaka: ofisi, maduka, mahali pa kulala na kula. Jengo hilo lilikamilika mwaka 1952. Mombasa alichora hoteli ya Oceanic, iliyopinda kwa sababu nzuri, ili vyumba vishike upepo wa bahari. Na huko huko Tudor akapanga mtaa wa nyumba za Waafrika, hapo familia akiifikiria kuliko vitanda.

Kuhusu jua tumsikilize tu. Kwake Ujerumani alihangaika kuliingiza jua ndani. Huku kazi ilikuwa kulizuia. Nairobi iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo ukuta unaopigwa ni wa mashariki asubuhi na wa magharibi alasiri. Lile jumba la vyumba vitatu likikaa na ubavu wake mrefu ukitazama magharibi, vyumba vya kulala vitakuwa tanuri kufikia saa kumi na moja jioni. Geuza ramani, upande mfupi ndio utazame machweo. Kugeuza karatasi ni bure. Kugeuza msingi si bure.

Mwisho wa 1953, nchi ikiwa katika hali ya hatari, May aliondoka Kenya. Alikuwa na miaka 67. Ujerumani iliyovunjwa na mabomu ilihitaji watu wa aina yake, akafanya kazi kutoka Hamburg akipanga mitaa mipya mikubwa. Alifariki huko tarehe 11 Septemba 1970.

Miaka mitano hivi baadaye, hapa Dandora, mradi wa Benki ya Dunia na Baraza la Jiji ulijaribu njia nyingine. Ploti kama 6,000 ziligawiwa zikiwa na choo na bafu tayari, maji yameletwa, na vyumba vilivyobaki mwenyewe aongeze kadiri mfuko unavyoruhusu. Mpangaji alichora kile kisichobadilika, mabomba, akawaachia watu mengine. Wengi walijenga vyumba kuzunguka ua, wakaishi kimoja na kupangisha vingine. Ukiwa huna pesa ya nyumba nzima, ni somo la kuiba: weka jiko, choo na bafu vishiriki ukuta mmoja wa mabomba, vijenge kwanza, na uchore tangu leo mlango utakaotobolewa chumba cha tatu kikija.

Frankfurt, katika mtaa wa Römerstadt ambao May aliujenga miaka ya 1927 na 1928, nyumba moja imerudishwa ilivyokuwa na watu huitembelea. Jiko la Lihotzky limo, na rangi yake ya buluu, na mlango wa kusukuma kando. Ukisimama katikati na kunyoosha mikono, unakaribia kugusa kuta zote mbili. Mimi ningemleta shosho yangu na sufuria yake ya ugali wa watu kumi na wawili, nione atasimama wapi.