Patrice Lumumba, karani wa posta aliyeandika magazetini

Hapa Kisangani kila mtu anamjua Patrice Emery Lumumba kama Waziri Mkuu wa kwanza wa Congo. Lakini mbele ya siasa alikuwa mtu wa kalamu, na hiyo kalamu aliinolea hapa hapa, wakati mji ulikuwa bado Stanleyville.

Alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 kijijini Onalua, territoire ya Katako-Kombe, katika Sankuru. Alisoma kwa wamisionari Wamethodisti, kisha kwa Wakatoliki, lakini masomo hayakwenda mbali. Mengi alijifundisha mwenyewe kwa kusoma vitabu. Akapita Kalima, Maniema, kwenye kampuni ya madini Symétain, halafu akaingia Stanleyville. Baada ya masomo ya posta huko Léopoldville alitumwa Yangambi, kisha akarudishwa mjini kufanya kazi kwenye hesabu za hundi za posta.

Mchana alikuwa karani. Saa za kazi zikiisha, aliandika. Makala zake zilitoka katika La Croix du Congo na La Voix du Congolais, na alisimamia pia L'Écho postal, gazeti dogo la wafanyakazi wa posta. Anayezisoma leo makala zile anaweza kushangaa, juu Lumumba wa wakati ule hakuwa mkali. Aliusifu utawala wa Wabelgiji, huku akidai Wakongomani waliosoma waheshimiwe. Lakini La Voix du Congolais lilikuwa chini ya serikali ya kikoloni. Nani angechapishwa mule akisema wazi kwamba wakoloni waende zao?

Mwaka 1956 mambo yakaharibika. Alikamatwa kwa kuchukua pesa za posta, karibu franka 126,000, akahukumiwa kifungo. Wapenzi wake wengi wanapenda kuruka habari hii, lakini ilitokea, na bila hiyo kitabu chake kisingeeleweka. Ni gerezani alipoandika Le Congo, terre d'avenir, est-il menacé?, akiwa bado anaamini Wabelgiji na Wakongomani wanaweza kujenga nchi pamoja. Kilichapishwa Bruxelles mwaka 1961, mwenyewe akiwa ameshauawa.

Alipotoka mwaka 1957 akaenda Léopoldville, akauza bia ya Polar. Kazi ile ilimzungusha katika mitaa na baa, na watu wakaizoea sauti yake. Oktoba 1958 MNC ikaundwa, yeye akiwa kiongozi, na Desemba alikuwa Accra kwenye mkutano wa Waafrika. Mwaka 1959 chama kilikuwa na gazeti lake, Indépendance, ambamo alichapisha hata shairi. Safari hii hakuna mkoloni aliyempimia maneno. Mwisho wa Oktoba mwaka ule, baada ya mkutano wa chama hapa Stanleyville, fujo zikazuka, watu wakafa, naye akatiwa ndani tena. Januari 1960 walimtoa ili aende Bruxelles kwenye meza ya duara.

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Septemba akaondolewa madarakani. Mwisho wa Novemba alitoroka Léopoldville akielekea Stanleyville, kwa watu wake, lakini akakamatwa njiani huko Kasai. Aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, akiwa na miaka 35. Jino lake, ambalo polisi mmoja Mbelgiji alilichukua, lilirudishwa Juni 2022. Jeneza lililolibeba lilipitishwa Kisangani kabla ya kuzikwa Kinshasa.