Oswald Avery: Mzee wa Nimonia Aliyefichua Siri ya Urithi

Katika somo la Bayolojia jina la DNA si geni. Lakini je, ni nani aliyetuonyesha kwamba hiyo ndiyo ibebayo urithi? Ni Oswald Avery, tena alikuwa akitafiti nimonia, au kichomi kama wanavyouita wazee.

Avery alizaliwa tarehe 21 Oktoba 1877 mjini Halifax, Kanada. Babake alikuwa mhubiri. Mwaka 1887 jamaa hiyo ilihamia New York, Marekani. Mwaka 1892 kifo kilibisha hodi mara mbili: kilimchukua kakake mkubwa, kisha babake. Kijana hakukata tamaa. Alisoma kwa bidii, akapiga tarumbeta, na mwaka 1904 akahitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Columbia.

Kazi ya kutibu ilimsikitisha kwa kuwa magonjwa mengi hayakuwa na dawa. Basi akageukia maabara. Mwaka 1913 aliajiriwa katika hospitali ya Taasisi ya Rockefeller, New York. Siku hizo penisilini haikuwako, na nimonia ilifyeka watu kama nyasi.

Avery alichunguza koti la utelezi ambalo bakteria hao huvaa. Koti hilo huwakinga wasimezwe na chembe nyeupe za damu. Mwaka 1923 yeye na Michael Heidelberger walionyesha kuwa limeundwa kwa sukari.

Mwaka 1928 Mwingereza Frederick Griffith alifanya jambo la ajabu. Alichanganya bakteria hai wasio na koti na wengine wenye koti waliokwisha kufa, akawadunga panya. Panya wakafa, na ndani yao wakapatikana bakteria hai wenye koti! Mwanzoni Avery hakusadiki. Baadaye aliuliza: ni kitu gani kilichotoka kwa wafu kikawabadilisha walio hai?

Kujibu swali hilo haikuwa lelemama. Yeye, Colin MacLeod na Maclyn McCarty waliondoa protini, mabadiliko yakaendelea. Walipoiharibu DNA, mabadiliko yakakoma. Wakatangaza matokeo mwaka 1944, mzee akiwa na miaka 66. Wataalamu wengi walikataa, ati DNA ni kitu duni mno. Yeye hakupiga kelele, alirudia vipimo tu. Alifariki mwaka 1955 mjini Nashville bila Tuzo ya Nobel. Watson na Crick, walioeleza umbo la DNA mwaka 1953, waliipata mwaka 1962.

Hata hivyo, chema hakizami. Chanjo ya nimonia ambayo watoto wa Kenya walianza kupewa mwaka 2011 imetengenezwa kutokana na sukari ya lile koti.

Wanafunzi wenzangu, tusifanye kazi kwa kutazamia makofi. Avery hakupata Tuzo ya Nobel, lakini mtoto anayechanjwa leo anakula matunda ya jasho lake.