Bibi Margaret Newton, Adui wa Kutu ya Ngano

Wakulima wa ngano wanaijua kutu. Si kutu ya chuma, bali ni ugonjwa uletwao na ukungu mdogo sana. Ukungu huo hula shina la ngano na kuacha madoa mekundu kama ya jembe lililolala mvuani, na vumbi lake huchukuliwa na upepo toka shamba hata shamba. Mtu mmoja aliyepigana na adui huyu kwa miaka mingi ni Bibi Margaret Newton wa Kanada.

Alizaliwa mjini Montreal mwaka wa 1887. Aliingia Chuo cha Macdonald kusoma kilimo, kazi ambayo siku zile ilidhaniwa kuwa ya wanaume tu. Wasichana hawakuruhusiwa kukaa maabara usiku kama wavulana. Margaret hakunyamaza. Alipeleka malalamiko yake, na sheria ikalegezwa.

Mwaka wa 1916 kutu iliangamiza ngano nyingi mno katika Kanada ya magharibi na Marekani. Mwaka uliofuata mwalimu wake, W. P. Fraser, alimpa kazi ya kuchunguza kutu iliyokusanywa mashambani. Margaret akaona jambo la ajabu: kutu zilizofanana kwa macho hazikufanana kwa nguvu. Moja iliangusha ngano ya namna fulani na kuiacha nyingine. Ya pili ilifanya kinyume. Basi kutu ya shina haikuwa moja, ilikuwa na kabila nyingi. Huko Minnesota, bwana Stakman naye alikuwa ameliona jambo hilo. Margaret akaenda kusoma kwake, na mwaka wa 1922 akawa mwanamke wa kwanza wa Kanada kupata udaktari wa sayansi ya kilimo.

Toka mwaka wa 1925 alifanya kazi mjini Winnipeg. Yeye na mwenzake Thorvaldur Johnson walizalisha kabila za kutu pamoja, wakaona kwamba nguvu ya kushambulia hurithiwa toka kwa wazazi, kama vile ngano irithivyo nguvu ya kujikinga. Ngano ni kama nyumba yenye kufuli, na kutu ni mwivi mwenye funguo. Mwenye kutengeneza kufuli lazima ajue funguo zilizoko. Kwa kazi hiyo watengenezaji wa mbegu walijua wajaribu ngano zao mpya kwa kutu ipi.

Lakini vumbi lile lile la kutu lilimharibu mapafu. Mwaka wa 1945 ilimbidi kuacha kazi mapema, na serikali haikutaka kumlipa pensheni kamili. Wakulima wa magharibi ndio waliomtetea, wakisema amewaokolea mali nyingi, na akalipwa. Mwaka wa 1948 alipewa nishani ya Flavelle, mwanamke wa kwanza kuipata. Alifariki mwaka wa 1971.

Mwivi naye hachoki kuchonga funguo. Mwaka wa 1998 kabila mpya ya kutu ya shina ilionekana Uganda, ikaitwa Ug99, nayo iliangusha ngano zilizoaminiwa kwa miaka mingi. Ndipo mbegu toka nchi nyingi zikaletwa Njoro, Kenya, kujaribiwa. Wanafunzi wenzangu, kazi aliyoianza Bibi Newton bado inangoja mikono, na haichagui mvulana wala msichana.