Apolo wa Boga na jembe lake



Mwaka huu nimekaa katika mikutano miwili ya kanisa ambamo asubuhi nzima iliisha kwa swali moja: nani atakaa kiti cha mbele, nani atatia sahihi barua. Niliporudi nyumbani nilichukua tena habari za maisha ya Apolo Kivebulaya. Wengi wetu huku Mashariki tunamjua kwa jina. Waanglikana wanamkumbuka kila tarehe 30 Mei. Lakini jinsi watu walivyofika kumsikiliza, hiyo hatuielezi sana.

Alizaliwa Buganda karibu mwaka 1864, akaitwa Waswa kwa kuwa alikuwa pacha. Ujana wake haukuwa wa mtakatifu. Katika vita vya dini vilivyoisumbua Buganda alipigana upande wa Waislamu. Mwaka 1891 alifuata msafara wa askari wa Lugard kwenda magharibi, na huko akaiona milima ya Rwenzori. Alibatizwa mwaka 1895, akapewa jina Apolo. Jina lile lingine watu walimpa kwa sababu ya koti jekundu la kiaskari alilovaa pamoja na kanzu yake nyeupe: Kivebulaya, maana yake kitu kilichotoka Ulaya. Nacheka kidogo nikifikiri kwamba mtu huyu, ambaye watu wa Boga walimhesabu kuwa wao kuliko mgeni yeyote, alibeba jina la bidhaa.

Kanisa lilimtuma Toro, na mwisho wa mwaka 1896 akashuka upande wa pili wa milima, akavuka bonde la Semuliki na kupanda hadi Mboga, ile tunayoiita leo Boga, katika Ituri. Walimu waliomtangulia walikuwa wameondoka. Tabaro, mtawala wa pale, alikuwa ameomba walimu yeye mwenyewe, lakini aliposikia wanakataza ulevi na wake wengi, hasira ikamwaka. Hakuwapiga. Aliwanyima chakula tu, na njaa ikawarudisha kwao.

Hapa ndipo ningependa tukae kidogo. Sisi wachungaji tunajua hali hiyo. Usharika usipotoa, tunaandika barua kwa askofu, tunaomba uhamisho, ao tunawasema waamini kwenye mahubiri. Apolo alishika jembe. Alilima bustani yake, akajenga nyumba ya kuabudu kwa mikono yake, akawafundisha kusoma wachache waliokubali kuja. Kwa hiyo Tabaro alikosa kamba ya kumfunga: mtu asiyekula kwako huwezi kumfukuza kwa kumnyima sahani. Na watu waliopita njiani walimwona mwalimu mwenye udongo miguuni kama wao. Nadhani mahubiri yake ya kwanza waliyoyaelewa yalikuwa hayo.

Kisha ikaja ajali. Dada yake Tabaro alianguka juu ya mkuki uliokuwa umefichika katika majani, akafa. Apolo akashitakiwa kuwa ndiye muuaji. Walimpiga vibaya, wakampeleka Toro mbele ya afisa Mwingereza, akatiwa gerezani. Hakuwa na mkubwa wa kumtetea mara moja, wala hakujua kesi itaishaje. Katika siku zile za taabu, kwa ushuhuda wake mwenyewe, Kristo alimtokea, akamtia moyo ahubiri bila woga. Hatimaye aliachiliwa, maana hapakuwa na kosa.

Mtu wa akili ya kawaida angebaki Toro. Huko alikuwa na ndugu wa imani, kazi ilikuwa nyingi, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye akarudi Mboga, kwa watu wale wale waliompiga. Alirudi bila askari na bila barua ya kudai fidia. Naamini siku hiyo ndipo Tabaro alipoanza kushindwa. Baadaye mtawala huyo aliomba ubatizo, akaitwa Paulo.

Vyeo vilimjia Apolo, lakini vilimkuta kazini. Akawa shemasi mwaka 1900, kasisi mwaka 1903, na mwaka 1922 akafanywa kanoni wa Namirembe. Alitumika miaka mingi Toro. Wakati huo mpaka wa wakoloni ulichorwa upya, na Boga ikaangukia Kongo ya Wabeljiji. Alirudi huko katika miaka ya vita vya kwanza vya dunia, akakaa hadi mwisho. Hakuoa. Mchumba wake alikufa, naye akaamua kubaki peke yake. Sisemi hili kama amri kwa vijana wetu wa shule ya teolojia! Nalisema kwa sababu lilimfanya awe na nyumba iliyojaa watoto wa wengine.

Karibu mwaka 1921, umri wake ukikaribia miaka 60, alianza kuingia msitu wa Ituri kwa Wambuti. Tuseme ukweli: hata leo, katika makanisa yetu, Wambuti wanaketi nyuma kama wanaketi kabisa. Wakulima waliwahesabu kuwa watu wao wa kutumwa. Apolo aliwafuata kambini mwao, akajifunza lugha yao, akaanza kuwatafsiria Injili ya Marko. Waliobatizwa kwanza walikuwa wachache sana. Kama angeandika ripoti ya hesabu, kama tunavyoandika sisi kila mwisho wa mwaka, ingeonekana ni kazi ya bure.

Alipougua mwaka 1933 alikuwa amepelekwa Kampala kwa matibabu, lakini aliomba kurudishwa. Alifia Boga tarehe 30 Mei. Desturi ilikuwa kumzika mtu kichwa kikielekea mashariki. Yeye alikuwa ameagiza chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu, kwa kuwa kazi ya kule haikuwa imekwisha. Wakamzika hivyo. Mwaka 1972 dayosisi ya kwanza ya Waanglikana katika nchi yetu ilianzia hapo Boga, na mwaka 1992 kanisa hilo likawa jimbo linalojitegemea.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, saa chache tu baada ya siku ya kumbukumbu yake, wauaji waliingia Boga na Tchabi. Makumi ya watu walikufa, na wengi wakakimbia. Wachungaji wa huko walikuwa na swali lile la Apolo alipotoka gerezani: kubaki mahali penye usalama, ao kurudi kwa watu. Nawajua waliorudi. Wengine wanalima.