MTAWA WA NJEGERE

Mwaka huu nawasimulia maisha ya Gregor Mendel. Wengi wetu tunamjua kwa ajili ya mtihani wa Biolojia tu, na tukishautoka tunamsahau. Mimi siwezi. Ndugu yangu mdogo ana selimundu, na kila akilazwa wapo jamaa wanaonong'ona kwamba hiyo ni damu ya kina mama.

Mendel alizaliwa mwaka wa 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, ambacho leo kiko nchini Cheki. Nyumbani aliitwa Johann. Wazazi wake walikuwa wakulima, na baba alipoumizwa na gogo la mti, karo ikawa taabu. Dada yake mdogo, Theresia, akatoa sehemu ya mahari yake ili kaka asome (kule bibi arusi ndiye aliyekwenda na mali, si kama kwetu). Mwaka wa 1843 Johann akaingia nyumba ya watawa mjini Brno, akapewa jina la Gregor.

Bingwa huyu, msicheke, alianguka mtihani wa ualimu mwaka wa 1850! Akapelekwa Chuo Kikuu cha Vienna, akarudi kufundisha, akajaribu tena mwaka wa 1856. Wapi! Lakini mwaka huohuo alianza kupanda njegere, yaani minji ya sokoni, katika bustani ya watawa. Hadi mwaka wa 1863 alikuwa amekuza mimea kama 28,000.

Alizalisha njegere za mviringo na zile za mikunjo pamoja. Watoto wote wakatoka mviringo, ungedhani mikunjo imekufa. Kumbe imejificha tu! Katika wajukuu, mbegu 5,474 zilikuwa za mviringo na 1,850 za mikunjo, tatu kwa moja. Sisi darasani huishia hapo. Mendel alizichukua zile za mviringo, ambazo kwa macho hazina tofauti yoyote, akazipanda. Kati ya mimea 565 iliyoota, 193 tu ilizaa mviringo mitupu. Mingine 372 ilizaa mchanganyiko. Yaani karibu thuluthi mbili zilikuwa zimebeba mikunjo kimyakimya.

Hapo nilishtuka, maana selimundu nayo hurithiwa hivyohivyo. Anayeugua amepata jeni moja kwa baba na nyingine kwa mama. Wazazi wangu ni wazima, lakini walipopimwa walionekana wote wawili wameibeba. Kwa kila mtoto wao, robo ni nafasi ya kuugua, nusu ni ya kubeba tu, robo ni ya kuwa huru. Basi nikadhani nafasi yangu ya kubeba ni nusu. Mwalimu akanirekebisha. Mimi siugui, kwa hiyo fungu la kuugua linaondolewa. Yanabaki mafungu matatu, na mawili ni ya wanaobeba. Thuluthi mbili, kama njegere za Mendel! Nikiolewa na mtu ambaye naye amebeba, mtoto wetu ana nafasi moja kwa sita ya kuugua, maana thuluthi mbili huzidishwa kwa robo. Nikipimwa, hesabu hiyo itabadilika: ama robo, ama hakuna kabisa.

Mendel alisoma matokeo yake mbele ya wataalamu wa Brno mwaka wa 1865, yakachapishwa mwaka wa 1866, na karibu hakuna aliyejali. Mwaka wa 1868 akawa mkuu wa utawa, kisha akamaliza miaka yake akibishana na serikali juu ya kodi. Alifariki tarehe 6 Januari 1884. Kazi yake ilikuja kutambuliwa mwaka wa 1900. Theresia hakumsahau, lakini. Aliwasomesha wanawe, na wawili wakawa madaktari.

Pasaka iliyopita niliwachorea jamaa zangu ule mraba wa jeni kwenye karatasi, baba upande huu, mama upande ule. Shangazi aliutazama kwa muda mrefu, halafu akauliza kama watoto wake nao wapimwe. Mimi napimwa likizo ya Agosti.